Mstari wa Wivu

Kibanio kiliuma jani, kikatulia, kisha kikalia mara moja kwa sauti fupi. Yudita Tweve hakukitazama papo hapo. Alivuta pumzi mara tatu, kama alivyofanya kila asubuhi tangu ngano ya kipupwe ilipoota, ndipo akageuza kioo chake kidogo kuelekea jua.

Asilimia tisini na tatu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na shamba la ngano lililomfika magotini, jalidi ikiyeyuka juu ya majani, na ng'ambo ya bonde milima ya Kipengere ikiwa imejifunika ukungu hadi mabegani. Lakini katika kila chembe mia za naitrojeni zilizokuwa ndani ya jani lile, tisini na tatu zilikuwa nzito kidogo kuliko kawaida. Na katika bonde zima la Ilolwa alikuwapo mtu mmoja tu aliyewahi kuwafundisha bakteria wa njegere kuchagua chembe nzito hewani na kuziacha zile nyepesi. Mtu huyo, Salome Mahenge, watu walimwita Mama Njegere. Alipanda njegere zake katika shamba hili mwezi wa kumi na moja, akazivuna mwezi wa kwanza huku akikohoa, na mwezi wa pili akazikwa. Ngano ilipandwa Machi. Sasa ilikuwa Julai, na kitu pekee cha Salome kilichokuwa bado kinakua kilikuwa humu.

Yudita alipapasa jani kwa kidole gumba. Lilikuwa jembamba. Ncha yake ilikuwa imepauka, na majani ya chini kabisa, yale yanayonyang'anywa chakula kwanza mmea ukibanwa, yalikuwa ya njano kama karatasi ya zamani. Hili nalo aliliona kila asubuhi. Asilimia tisini na tatu ilimwambia chakula kimetoka kwa nani. Haikumwambia kama kinatosha.

"Kamwene, mpimaji!"

Alishtuka. Mama Elia alikuwa akija kwa mpaka wa shamba, chupa ya chai mkono mmoja na mwingine umeshika nyonga iliyomsumbua tangu ujana. Hatua moja ndefu, moja fupi. Huu ulikuwa mwaka wake wa ngano.

Maana Ilolwa mashamba hayakuwa na mwenyewe wa kudumu. Familia zilizunguka pamoja na mazao: mwaka huu njegere, mwaka ujao ngano, wa tatu viazi, na kila zamu katika shamba jingine. Aliyepanda njegere aliacha naitrojeni ardhini, akahama, akaja mwingine kuila kwa ngano. Kwa hiyo kila mtu wa bonde lile alikuwa amemlisha jirani yake bila kumpikia. Zamu ya ngano ilimfikia mtu mara moja tu katika miaka mitatu.

"Kamwene, Mama Elia. Umeamkaje?"

"Nimeamka na nyonga yangu, hatujaachana. Kunywa chai." Akammiminia kwenye kifuniko. Kisha akasimama wima, akafuta mikono kwenye kanga, na sauti yake ikawa ya mtu aliye mbele ya wakubwa, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa la kiapo. "Mpimaji, ngano yangu imeshiba?"

Majibu yalikuwa mawili tu. *Imeshiba*, au *ina njaa*. Mpimaji hakuruhusiwa namba, wala maelezo, wala neno *pengine*. Kizazi cha mababu kilikuwa na namba nyingi na maelezo mazuri, na kwa maelezo hayo kilimwaga mbolea ya kukuzia hadi mto wa bonde ukawa kijani, ukanuka, na samaki wakaelea matumbo juu. Baada ya hapo naitrojeni ya kiwandani iliwekwa katika bomba moja refu lenye sikio kwenye kila shamba. Sikio lile lilitambua sauti ya mpimaji aliyeapishwa, na lilijua maneno yale mawili. Akisema *ina njaa*, bomba linafunguka. Akisema *imeshiba*, linafungwa. Ngano ikishatoa pingili yake ya pili linajifunga lenyewe hadi msimu ujao, mtu aseme asiseme.

Yudita aliinamia kifuniko cha chai.

"Tusubiri kidogo," akasema.

Mama Elia alinyoosha mkono kukitaka kifuniko.

"Hilo neno silijui, mwanangu," akasema taratibu. Akachukua kifuniko chake, akakifunga juu ya chupa, akaondoka. Hatua moja ndefu, moja fupi.

*

Nyumbani daftari la Salome lilikuwa mezani, pale pale alipoliacha. Yudita alikuwa amelisoma hadi anajua mahali kalamu ilipokatika wino.

Mama yake hakuwa na shahada. Shahada alikuwa nayo Yudita, ndani ya fremu, na Salome alikuwa akiipangusa vumbi kila Jumamosi. Lakini aliyekuwa na swali alikuwa Salome. Kwa nini, aliandika miaka kumi na tisa iliyopita, ngano ya kipupwe inalia njaa juu ya ardhi iliyojaa chakula? Jibu lilijulikana hata chuoni. Mizizi na majani ya njegere huiachia ardhi naitrojeni tele, lakini lazima vijidudu wa udongo waviozeshe kwanza, na baridi ikiingia wao hulala. Chakula kipo, ghala limefungwa, mwenye ufunguo amejifunika blanketi. Ndiyo maana ya bomba. Salome alitaka bakteria wasiolala. Aliwatafuta kwenye vinundu vya njegere zilizoota kando ya barafu ya asubuhi, akawachagua, akawalea ndani ya chungu, akawafundisha ile tabia ya chembe nzito ili aweze kuwafuatilia kokote wanakokwenda.

Hakuwatafutia Ilolwa. Ilolwa kulikuwa na bomba. Aliwatafutia mabonde arobaini ya juu, ambako bomba halikupanda wala halitapanda, na ambako watu walikula mkate mweusi mwembamba wenye ladha ya kamba ya katani.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja:

*Shamba zima, msimu mzima, bila bomba. Kwa Mama Elia?*

Kwa miezi mitano Yudita alikuwa akiitazama alama ile ya kuuliza, akiiona ni shaka ya mgonjwa. Labda mama hakuwa na uhakika na udongo wa pale. Naye alikuwa amejiambia: nitaufuta huo mkia wa kuuliza, nitaweka nukta.

Simu iliita. Ilikuwa Ofisi ya Uzao, wenye kuidhinisha bakteria kama wale wapelekwe mabonde ya juu; Bwana Kyando, mtu mpole aliyeongea kama anayesoma barua.

"Binti Tweve. Pole na baridi. Vipi shamba letu?"

"Tisini na tatu, bwana."

"Tisini na tatu!" Ikasikika kalamu ikianguka. "Julai hii? Kwenye jalidi? Binti, unaelewa maana yake? Hao wadudu wanafanya kazi huku wanatetemeka!"

"Wanafanya kazi, bwana. Ila polepole. Ngano… ngano imepauka."

Ikasikika kalamu ikiokotwa. "Itavunwa lakini?"

"Itavunwa. Nusu, labda pungufu."

"Nusu inatosha kwangu. Nusu bila bomba, huko juu ni karamu. Lakini utaratibu unaujua. Tone moja la bomba likigusa shamba, jaribio limekufa. Na bila mama yako sijui nani ataanza upya." Akashusha sauti. "Mwenye shamba ameridhia, sivyo?"

Yudita aliangalia fremu ukutani.

"Ndiyo," akasema.

Alipokata simu alikaa na lile *ndiyo* mdomoni kama punje ya mchanga.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia Bwana Kyando. Kila shamba la ngano Ilolwa lilikuwa na mstari wa wivu. Ulikuwa ubunifu wa Salome pia, wa zamani, kabla ya vibanio. Mwanzoni mwa msimu mpimaji hukata ukanda mwembamba kutoka langoni hadi katikati ya shamba, anaulisha hadi unavimbiwa. Kisha mtu anasimama langoni na kutazama. Asipouona mstari, ngano yote imeshiba. Akiuona, ukijitanua kijani katikati ya wenzake waliopauka, basi wenzake wanauonea wivu, wana njaa. Hata mtoto aliweza kuusoma.

Mwaka huu, katika shamba la Mama Elia, Yudita hakuuweka. Alijiambia ni kwa ajili ya usafi wa jaribio. Na ilikuwa kweli, kwa kiasi. Lakini alijua pia kwamba shamba lisilo na mstari halina kinywa.

*

Siku kumi na mbili zikapita. Kibanio kilisema tisini na tatu, tisini na mbili, tisini na tatu. Yudita aliwahi asubuhi mapema zaidi kila siku, akakaa zaidi, na mara mbili akajikuta anamweleza mama yake habari za nyumbani: paa la jikoni limeshonwa, paka amezaa, yule fundi wa redio bado anatuma salamu na bado hazipokelewi. Ngano ilitikisika kidogo kwa upepo. Ilitosha kumfanya mtu aendelee kuongea.

Siku ya kumi na tatu alipapasa shina na kuhisi pingili ya pili chini ya ngozi yake, ngumu kama fundo la uzi. Jioni ya siku hiyo bomba lingejifunga.

"Mpimaji!" sauti ikaita kutoka langoni. "Njoo usimame hapa nilipo mimi."

Mama Elia alikuwa ameegemea nguzo ya lango, ameweka ndoo tupu kichwa chini na kuifanya kiti. Hakuwa na chupa ya chai. Yudita akaenda, akasimama kando yake, akageuka kutazama shamba.

Mstari ulikuwepo. Asubuhi zote zile Yudita alikuwa akiingia kwa upande wa chini, hakuwahi kusimama hapa. Ulianzia kwenye miguu yao, ukaingia katikati ya ngano iliyopauka, kijani cha kukoza kabisa, kijani cha kuudhi. Haukunyooka. Ulikwenda kulia kidogo, kushoto kidogo, kulia, kushoto, hadi katikati ya shamba ulikoishia kwa doa kubwa la duara.

"Nimeweka wivu wangu mwenyewe," akasema Mama Elia.

"Kwa… kwa mbolea gani? Bomba halijafunguliwa."

"Bomba langu lina miguu minne na mkia. Nililikingia ndoo siku tatu. Mkojo kipimo kimoja, maji vipimo viwili, nisiunguze majani. Siku ile ile uliponiambia lile neno lako la kigeni nilianza." Akanyoosha kidole. "Pale mwisho niliteleza, ndoo yote ikamwagika. Wanangu wakanicheka wiki nzima, wakasema nanuka kama zizi."

Yudita alitazama upindaji wa mstari. Kulia ndefu, kushoto fupi. Mstari ulikuwa unachechemea. Kicheko kilimpanda kooni, kikafika njiani kikageuka, akalazimika kufunika mdomo kwa kiganja.

"Cheka tu," akasema Mama Elia. "Halafu nijibu. Ngano yangu imeshiba?"

"Mama Elia, ngoja nikueleze…"

"Sijaomba maelezo."

"Naomba nikueleze. Kisha nitajibu."

Akamweleza yote, akiwa amesimama kama mwanafunzi. Bakteria wasiolala. Mabonde arobaini. Bwana Kyando na shamba zima. Akamwambia hata lile *ndiyo* alilolitoa kwa niaba ya mtu asiyeulizwa. Mwishoni akafungua kibanio, akalibana jani, akamwonyesha namba.

"Huyu ni mama," akasema. "Nikifungua bomba, kufikia Agosti atakuwa nusu. Kufikia mavuno sitamwona tena."

Mama Elia aliitazama namba kwa muda mrefu, kama anayejaribu kumtambua mtu kwenye picha iliyopigwa mbali.

"Wako harudi, mwanangu," akasema. Hakulisema kwa ukali. "Wangu anarudi Oktoba. Miaka mitano Elia yuko kwenye ile miji inayoelea, anaziba mabomba ya maji ya watu. Kila akipiga simu ananiuliza kitu kimoja: mama, mkate wa kwetu una harufu ile ile? Nami namwambia njoo mwaka wangu wa ngano. Nimehesabu misimu. Nina wajukuu sita ndani. Nusu ya shamba ni nusu ya mwaka. Ungeniambia niwagawieje?"

Yudita alikifunga kibanio.

"Mama yako alijua kuuliza," Mama Elia akaendelea. "Wewe umesoma sana, lakini hilo hukumwiga."

"Aliandika jina lako tu. Na alama ya kuuliza. Nilidhani alikuwa na shaka na udongo."

Mama Elia akainua uso ghafla. "Aliandika alama ya kuuliza?"

"Ndiyo."

"Mbele ya jina langu?"

"Mwisho wa jina lako. Ndilo neno lake la mwisho kwenye daftari."

Mama Elia akakaa chini juu ya ndoo yake. Akaikunja kanga magotini, akaikunjua, akaikunja tena.

"Alikuja," akasema. "Mwezi wa kwanza, jua kali, anakohoa kila hatua tano. Akakaa jikoni kwangu akaniambia yote haya uliyoniambia sasa. Akaniambia ngano yangu itapungua, hakunificha. Akaniuliza, utanipa? Nikamwambia, Salome, nipe muda nifikirie. Akasema, fikiria, naandika alama ya kuuliza, ukinijibu naifuta." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nikafikiria mpaka siku nilipoona watu wamebeba majembe kwenda kwenu. Hiyo alama siyo shaka yake. Ni mimi. Mimi ndiye niliyebaki pale kwenye daftari sijajibu."

Ng'ombe alilia mahali fulani bondeni. Jalidi ya mwisho ilidondoka kutoka kwenye waya wa lango, tone moja, tone jingine.

"Basi leo namjibu," akasema Mama Elia, akasimama kwa kushikilia nguzo. "Siyo shamba zima, Salome. Shamba zima siwezi." Akamgeukia Yudita. "Lakini kitanda kile cha mninga, alicholala mama yako akiumwa, kina upana gani?"

"Futi nne," akasema Yudita. "Kwa sita."

"Futi nne kwa sita. Utapachagua wewe. Hapo bomba lisifike."

"Bwana Kyando hatakubali. Jaribio ni shamba zima."

"Sijamjibu Kyando. Namjibu mama yako."

*

Walifanya kazi hadi jua likafika utosini na kupita. Walichagua mahali karibu na lango, mbali kidogo na mstari wa mkojo, ambako ngano ilikuwa imesimama sawasawa. Wakapima kwa kamba, wakachimba mfereji wa kina cha mkono kuzunguka kile kipande, wakasimamisha karatasi za nailoni ndani yake ili maji ya bomba yasipenye kwa chini, na kila tundu la mpira wa maji lililoelekea pale wakaliziba kwa vizibo vya magunzi. Mama Elia alikata vizibo na kusimulia jinsi Salome alivyowahi kuanguka kwenye pipa la bakteria wake, akatoka akisema kwamba sasa na yeye atatoa vinundu miguuni. Yudita hakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Aliomba aisikie mara ya pili, na Mama Elia akaisimulia tena, ikiwa ndefu zaidi.

Kabla ya jioni Yudita alimpigia simu Bwana Kyando akamwambia mambo matatu: kwamba mwenye shamba hakuwa ameridhia, kwamba angefungua bomba, na kwamba kingebaki kipande cha futi nne kwa sita. Bwana Kyando hakufoka. Alivuta pumzi tu, ndefu, ya mtu anayefunga faili alilolipenda.

"Futi nne kwa sita," akarudia baadaye. "Haiwezi kuniidhinishia chochote, binti."

"Najua, bwana."

"Haya. Mbegu zake usizile. Na siku ya kuzivuna, naomba unijulishe. Ningependa nizione tu."

Kisha Yudita akapiga magoti mbele ya sikio la bomba, kibakuli cha shaba kilichokuwa kwenye nguzo fupi kando ya shamba. Mama Elia akasimama nyuma yake, akafuta mikono kwenye kanga.

"Mpimaji, ngano yangu imeshiba?"

Kwa mara ya mwisho alitazama shamba zima likiwa tisini na tatu.

"Ina njaa," akasema.

Bomba likakohoa, likanguruma chini ya ardhi, na maji yakaanza kutembea.

*

Ngano ikibanwa na njaa kisha ikapewa chakula haijifichi. Katika wiki tatu shamba lilikuwa limekolea, na mstari wa mkojo, ule wa kuchechemea, ukamezwa na wenzake hadi wajukuu wa Mama Elia walipoutafuta hawakuuona. Yudita alikuja na kibanio kila asubuhi. Sabini na moja. Hamsini na sita. Arobaini na nne. Aliandika kila namba kwa mwandiko safi. Asubuhi moja namba ilikuwa ndogo kiasi kwamba alirudisha kibanio mfukoni, na kesho yake hakukitoa.

Siku hiyo alipofika alimkuta Mama Elia langoni, na chupa ya chai.

"Simama hapa," akasema Mama Elia.

Alisimama. Shamba lote lilikuwa kijani kizito, likipeperuka kwa pamoja kama kitambaa kimoja. Na ndani yake, karibu sana, kulikuwa na kipande kimoja kilichopauka, cha futi nne kwa sita, kimenyooka pembe zake zote kama kitanda kilichotandikwa. Mashina yake yalikuwa mafupi. Lakini yalikuwa yamesimama, na juu ya kila shina, wiki ile ya mwisho ya jalidi, kulikuwa kumechomoza suke. Dogo. Limetoka lenyewe, katika baridi, bila bomba.

Miezi yote ile alikuwa akimtafuta mama yake jani kwa jani, kwa mashine, ndani ya shamba ambalo lilikuwa la rangi moja. Sasa hakuhitaji kubana chochote.

"Unamwona?" Mama Elia akauliza.

"Namwona."

Upepo ukapita. Masuke mafupi yakainama na kuinuka.

"Shikamoo, mama," akasema Yudita, kwa sauti, kama mtu anayeingia nyumbani.

Mama Elia alimimina chai, akamkabidhi kifuniko, macho yake yakiwa hukohuko shambani.

"Marahaba," akaitikia.